Mita 90 za Hockney pale Salts Mill

Kiingilio cha Salts Mill, kaskazini mwa Uingereza, kilikuwa bure, na kituo cha treni cha Saltaire kiko hatua chache tu, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio. Mwaka 2022 kiwanda hiki cha zamani cha nguo za sufu kilionyesha kazi ya mchoraji David Hockney, mzaliwa wa mji wa Bradford hapo jirani: mchoro wa mita 90 unaofuata mwaka mzima huko Normandie, Ufaransa. Alichora kwa iPad, nje shambani kwake, akiikazia macho miti ileile miezi nenda miezi rudi. Unaanza na matawi makavu. Unatembea, maua ya miti ya matunda yanafumuka, mara kijani kibichi mpaka macho yanauma. Mimi niliganda kwenye mvua: vijistari vyeupe vya mshazari na viduara juu ya bwawa, basi, unajiona umelowa. Nisiseme uongo, rangi zake zinapiga kelele, na ukisogea karibu sana unaona ukompyuta wake. Rudi nyuma kidogo. Mume wangu, asiyejali hata picha ya kalenda, alipofika mwisho aligeuka akaanza upya.