Kitufe cha COMP hakipunguzi ukubwa wa faili: muuzaji alitudanganya

Miksa yenyewe (mashine ya kuchanganya sauti) ni ndogo, ya USB, yenye kitufe kimoja cha kompresa, kilichoandikwa COMP, kwenye kila njia ya maiki. Mdogo wangu aliinunua Kariakoo juzijuzi kwa ajili ya kurekodi nyumbani, na muuzaji akamwambia hivi: "Zungusha COMP hadi nusu, faili zinakuwa ndogo, hutahitaji diski kubwa." Nilikwenda kumweleza kuwa si kweli. Akanijibu mbele ya wateja: "Kaka, hivi vitu nauza kila siku, wewe ndiye hujui kutumia."

Bado nina hasira, maana kijana karekodi sauti zote hivyo na zote zimeharibika.

Kompresa haigusi ukubwa wa faili. Inachobana ni tofauti kati ya sauti ya juu na ya chini. WAV (faili ya sauti isiyopunguzwa ukubwa) ya mono, yaani njia moja, biti 24, kHz 48, inakula MB 8.64 kwa dakika, uimbe kwa nguvu au unyamaze. Saa nzima ni kama MB 518. Wimbo wa dakika nne wenye treki 12 ni MB 415 hivi, na ukirudia kila treki mara tatu, GB 1.2 na kidogo. Hiyo ndiyo hofu ya diski aliyouziwa! Tena ukihifadhi kwa FLAC (faili inayopunguzwa ukubwa bila kupoteza sauti), sauti iliyobanwa sana na kupandishwa kwa kawaida hutoa faili kubwa zaidi.

Sasa madhara. Kitufe hiki kinabana na kupandisha sauti kwa pamoja, na huoni namba yoyote. Chukua kizingiti (kiwango ambacho sauti ikikivuka inaanza kubanwa) cha desibeli -20 na uwiano wa 4:1, yaani kila desibeli 4 zinazovuka zinatoka 1. Neno lililofika -8 linatoka -17, limepungua desibeli 9. Kitufe kikipandisha sauti yote kurudisha hizo 9, feni iliyokuwa -55 inapanda hadi -46. Ndicho kinachosikika kwenye rekodi zetu: mwimbaji anamaliza mstari, feni inavimba taratibu, halafu inazamishwa ghafla neno linalofuata likianza. Na kwa kuwa kompresa inakaa kabla ya USB, imeshaingia kwenye faili, haitoki.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini kitufe kikiwa sifuri, maiki inaingia safi kabisa, na lazima niseme hivyo. Weka vilele, yaani sehemu za juu kabisa za sauti, kati ya desibeli -12 na -10. Kompresa iwashe baadaye kwenye programu: uwiano 3:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 15, rilizi (muda wa kuachia) 100, kisha shusha kizingiti mpaka mita ionyeshe imepunguza desibeli 3 hadi 6 kwenye maneno ya juu tu. Ataki ikiwa milisekunde 1, "k" ya "kata" inapoteza makali.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu USB yake inatoa njia mbili tu zilizokwisha changanywa. Ukirekodi sauti na gitaa kwa pamoja hutavitenganisha, labda uipeleke sauti kushoto kabisa na gitaa kulia kabisa.

Duka lile silipi hata nusu nyota. Sauti zote tunazirekodi upya, COMP ikiwa sifuri na feni imezimwa.