Kozi ya ufeministi iliyonizimia maiki: uzoefu wangu

Nianze na nyota: moja. Huenda nikaibadilisha kabla sijamaliza kuandika, maana hasira zangu hazikai mahali pamoja.

Ni kozi ya mtandaoni ya historia ya ufeministi na matawi yake, kwa Kiswahili, kikao kimoja kila wiki na mkufunzi yuko hewani. Jina lake silitaji. Ilikuwa miezi kadhaa iliyopita, wiki ya tatu au ya nne, tulipofika kwa Sojourner Truth, mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoka utumwani akapigania haki za wanawake. Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri kwa hamu tangu nilipolipa ada.

Mkufunzi akajifunga kitambaa kichwani mbele ya kamera. Akaweka mkono kiunoni. Akaanza kuigiza hotuba yake kwenye mkutano wa haki za wanawake wa Akron, Ohio, mwaka 1851, tena kwa Kiswahili kilichovunjwavunjwa makusudi, maneno yakimezwa, ngeli zikigongana. "Mimi si manamuke?" Mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu karibu spika zangu zipasuke. Yote hayo ili tuelewe kwamba huyu anayesema alikuwa mtumwa. Watu wakarusha mioyo na makofi kwenye skrini. Mimi nilihisi joto linanipanda shingoni.

Sasa nisikilizeni. Sojourner Truth alizaliwa utumwani katika jimbo la New York, huko kaskazini, na lugha aliyokua nayo ni Kiholanzi. Lafudhi ya watumwa wa kusini mwa Marekani angeitoa wapi? Wiki chache tu baada ya hotuba ile, gazeti la wapinga utumwa lilichapa maneno yake kama alivyoyaandika Marius Robinson, aliyekuwepo mkutanoni, na humo hilo swali maarufu halimo kabisa. Kuna mwanamke anayesema ana misuli sawa na ya mwanamume yeyote, kwamba amelima, amevuna, amekata, na anayesema kwa lugha iliyonyooka. Swali la "mimi si mwanamke?" lilijitokeza mwaka 1863, miaka 12 baadaye, katika toleo la Frances Gage, mwanamke mzungu aliyeongoza mkutano ule. Gage ndiye aliyempachika lafudhi ya kusini. Ndiye pia aliyempa watoto 13, ilhali Truth alizaa watano.

Nikanyoosha kile kimkono cha skrini. Nikangoja. Nilipopewa nafasi nikasema, "Samahani mwalimu, hiyo lafudhi naomba tuiangalie vizuri, maana inasemekana..." Hata "inasemekana" niliiweka kwa heshima tu, uhakika nilikuwa nao.

Sikumaliza. "Dada yangu, tusiharibu ladha ya kipindi. Hayo ya kitaalamu andika kwenye chati."

Na papo hapo maiki yangu ikageuka nyekundu. Nikaiwasha. Ikazimwa. Nikaiwasha tena, na safari hii kitufe chenyewe kikagoma, hakibonyezeki. Nikabaki mdomo unafunguka na kufumba kama samaki kwenye tangi, na sura yangu iko pale mbele ya darasa zima.

Kwenye chati, kile kisanduku cha ujumbe pembeni ya skrini, nikaandika, mistari sita mizima. Kimya. Mwanafunzi mmoja tu aliniandikia pembeni: "Acha tu, mwenzangu."

Mtauliza mkufunzi alikuwa mwanamume au mwanamke. Rudini juu mkasome. Sijasema, na Kiswahili kimenisitiri bila jasho: alijifunga, akaanza, akanizimia. Kwa Kiingereza ningekuwa nimeshamtaja jinsi yake kabla ya aya ya pili kwisha. Na msidhani huu ni mchezo wa maneno. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, msomi wa Nigeria, alijenga hoja nzima kutokea hapo mwaka 1997: kwamba viwakilishi vya Kiyoruba havibagui jinsi, kwamba jamii hiyo kabla ya ukoloni ilimpanga mtu kwanza kwa ukubwa na udogo wa umri, na kwamba "mwanamke" kama kundi moja lililowekwa chini ya "mwanamume" ni kitu kilicholetwa na wakoloni. Wapo wasomi waliompinga vikali. Mimi mwenyewe simkubalii yote, kwa sababu lugha yetu hii inayosema "yeye" kwa kila mtu ndiyo hiyo hiyo inayosema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa, na wala hukuhitaji kiwakilishi. Kitenzi kimeshamaliza kazi. Ningetamani sana kulizungumza hilo darasani, mbele ya watu wanaoishi ndani ya lugha hii. Kwa maiki ipi?

Oyěwùmí kwenye kozi alipata mstari mmoja wa jedwali, chini kabisa, karibu na namba ya ukurasa.

Hilo jedwali nalo. Matawi saba, safu nne: jina, waasisi, madai, udhaifu. Wanafunzi walilipenda kwa sababu linakaririka. Mimi lilinichefua. Ukilisoma utadhani ufeministi wa kiliberali, wa Kimarx na wa kiradikali ni wapangaji wa vyumba tofauti wasiosalimiana, wakati historia yenyewe ni ya watu wanaobishana mezani hadi usiku wa manane.

Chukua kazi za nyumbani. Mliberali, kwa mstari unaoanzia kwa mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft mwaka 1792, anataka mwanamke apewe elimu ile ile, sheria ile ile, kura ile ile, kisha aachwe aende atakako. Sawa. Mmarx anamkumbusha kitabu cha mwaka 1884 cha Engels, mwenzake Karl Marx, na kumuuliza mali ni ya nani humo ndani ya familia. Halafu mwaka 1972 wanatokea akina Selma James, Mariarosa Dalla Costa na Silvia Federici na kampeni yao ya kudai ujira wa kazi za nyumbani. Hoja yao ilikuwa kali: mnasema mwanamke atoke akafanye kazi, kwani sasa hivi amekaa? Anayempikia mfanyakazi, anayemfulia, anayemlea mfanyakazi wa kesho, ndiye anayekiwezesha kiwanda kufunguka asubuhi, na hakuna anayemlipa. Wengine wakaja juu: mkimlipa ujira, mmempigilia misumari jikoni. Na mwaka 1981 Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani, akaingia na jambo ambalo wengi mezani hawakuwa wamelifikiria, kwamba wanawake weusi wa Marekani wameshalipwa kwa kazi za nyumbani kwa vizazi, nyumbani kwa watu wengine, na ujira huo haukuwakomboa.

Huo ni ubishi mmoja tu. Ningekaa humo wiki mbili bila kuchoka. Kwenye jedwali umekuwa "Udhaifu: hauzingatii rangi."

Na mawimbi, yaani vipindi ambavyo historia ya ufeministi hugawanywa! Mkufunzi alikuwa na picha ya bahari yenye mawimbi manne, kila moja na tarehe zake. Hakuna aliyetuambia kwamba msemo huo ulipata umaarufu kwa makala ya gazeti mwaka 1968, ya Martha Weinman Lear, aliyewaita wanaharakati wa siku zake wimbi la pili. Wale wa zamani wakawa wimbi la kwanza wakiwa kaburini tayari. Tatizo la mawimbi ni kwamba katikati bahari inaonekana shwari. Huo ushwari, kwa mujibu wa picha ile, unaanza mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipopata kura na kwisha miaka ya 1960. Mwaka 1923 Huda Shaarawi alianzisha umoja wa wafeministi nchini Misri: shwari. Mwaka 1929 wanawake wa Kiigbo na wenzao waliinuka kwa maelfu dhidi ya utawala wa Waingereza kusini-mashariki mwa Nigeria, wakihofia kutozwa kodi, na makumi wakapigwa risasi wakafa: shwari. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Funmilayo Ransome-Kuti na wanawake wa Abeokuta, Nigeria, walipambana na kodi hadi mfalme wao akaondoka kitini kwa muda: shwari kama ziwa. Wimbi linahesabiwa kulingana na ufuo aliosimama mtazamaji. Hata kura yenyewe haikufuata bahari hiyo. New Zealand walipiga mwaka 1893. Uingereza mwaka 1918 waliruhusu wenye miaka 30 kwenda juu, tena wenye mali au waume wenye mali, wengine wakangoja hadi 1928. Uswisi, nchi ya saa, ilichelewa hadi 1971.

Nimeshapoa kidogo, kwa hiyo niseme ukweli wote, nisije nikaitwa mchonganishi.

Kuna wiki moja, baada ya ile ya maiki, ambayo nilikuja nimenuna na nikaondoka nimeduwaa. Mkufunzi yule yule. Hakukuwa na kitambaa wala maigizo. Alitusimulia kesi moja tu kwa saa nzima. Wanawake watano weusi walishtaki General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Kiwanda hakikuwa kimeajiri mwanamke mweusi kabla ya mwaka 1964, na uchumi ulipoyumba wakapunguzwa wafanyakazi kwa utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza. Unajua nani waliingia mwisho. Mwaka 1976 mahakama ikawakatalia: kampuni imeajiri wanawake, kwa hiyo haibagui wanawake, imeajiri weusi, kwa hiyo haibagui weusi. Wanawake wale walikuwa weupe, weusi wale walikuwa wanaume. Waliobaki katikati sheria haikuwaona.

Hapo akachora njia panda ubaoni. Magari ya ubaguzi wa rangi yanatoka huku, ya ubaguzi wa jinsia yanatoka kule, na mtu amesimama katikati. Akigongwa, anayekuja kumsaidia anauliza kwanza ni gari la upande gani, na asipojibiwa anaondoka. Mfano huo ni wa Kimberlé Crenshaw, mwanasheria, alioutoa mwaka 1989, na ndiko lilikotoka neno la Kiingereza "intersectionality", ambalo wasomi wetu hulitafsiri kwa namna kumi, zote ngumu kutamka. Mkufunzi alisema yeye hutumia "njia panda" tu, basi. Nilitamani kumpigia makofi. Tafsiri safi, inakaa mdomoni, mtu haulizi mara mbili. Tena akasimama, akanyamaza, akatuacha tufikirie, jambo ambalo walimu wengi wa mtandaoni wanaliogopa kama ukoma.

Kwa ajili ya saa hiyo moja, nyota tatu. Sikutegemea kuziandika.

Ila sasa nimekumbuka rekodi.

Kozi ilipoisha walituwekea video za vikao vyote. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile ya Sojourner Truth, nikitaka walau nijisikie, nijue kama nilikuwa mkorofi au la, maana kwa kweli nilishaanza kujishuku. Maigizo yapo, yote, kitambaa, kiuno, "manamuke" zote. Kisha picha inaruka. Inaruka kwa kishindo kabisa, mkufunzi yuko kushoto mara yuko kulia, na somo limeshahamia Seneca Falls, kwenye mkutano wa haki za wanawake wa mwaka 1848. Mimi sipo. Hata sentensi yangu iliyokatwa katikati imekatwa. "Hayo ya kitaalamu andika kwenye chati" nayo haipo, na chati yenyewe hawakuiweka.

Waliacha lafudhi ya Gage wakaondoa swali langu. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nikawaandikia barua pepe ndefu, na nilikuwa mstaarabu. Niliwapa hata mfano wa Simone de Beauvoir, mwanafalsafa Mfaransa, ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu wanawake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1953 na profesa wa zuolojia, kikapunguzwa kurasa nyingi, na wasomaji wa Kiingereza wakakaa na kitabu kilichokatwa hadi mwaka 2009 ilipotoka tafsiri kamili. Nikawaomba kitu kimoja tu: chini ya video waweke maelezo kwamba kuna matoleo mawili ya hotuba ile na yanatofautiana. Mstari mmoja ungetosha. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi: "Asante kwa mchango wako. Tumeurekodi."

Wameurekodi!

Kwa hiyo nyota mbili. Ya kwanza ni ya njia panda. Ya pili ni ya yule mwenzangu wa "acha tu", ambaye tulianza kuandikiana na mpaka leo tunasoma pamoja jioni moja moja, polepole, kwa kubishana. Yeye ni mliberali hasa, anaamini sheria nzuri zikitosha mengine yatafuata, na hunitoa jasho. Tumeshagombana kuhusu ujira wa kazi za nyumbani mara tatu. Huyo ndiye niliyempata kwa ada ile, ingawa kwenye tangazo lao hakuwemo.

Mkitaka kujiunga, jiungeni, ila muwe na daftari la pembeni la kuandika yale ambayo hayasemwi. Au msijiunge. Sijui. Wiki ya njia panda ni nzuri mno.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini cheti changu kimeingia sasa hivi, nikiwa bado naandika. Karatasi ya kupendeza, nembo ya dhahabu, historia na matawi ya nadharia ya ufeministi, amehitimu kwa daraja la juu, na jina langu kamili halijakosewa hata herufi. Mbele yake wameweka "Bw."

Nimewaandikia warekebishe. Wamejibu haraka safari hii, ndani ya dakika moja, mashine bila shaka. Mchango wangu umerekodiwa.