Pupa wa nzi kwa posta au mabuu wa dukani? Uzoefu wangu wa miezi minane

"Sisi huku tunawafukuza, wewe unawatolea pesa?" Mama aliniuliza hivyo kwenye simu kutoka Lushoto. Nilipomwambia nzi wenyewe ni chakula cha kinyonga, akakata simu. Simlaumu. Utotoni tukimkuta kinyonga njiani tulikuwa tunapita kwa mbali, na leo ninaye sebuleni, Leeds, Uingereza, dume wa aina ya Yemeni niliyeachiwa na jirani aliyehama.

Nilianza kutafuta nzi kwa sababu alikuwa amewakinai nyenje. Ukimwekea, anawatazama kwa jicho moja, la pili liko dirishani. Siku ya kwanza alipomwona nzi akiruka, macho yote mawili yakageukia mbele kwa pamoja, akanyata, ulimi ukachomoka mrefu kuliko kiwiliwili chake. Nzi kumi na mbili kwa mkao mmoja! Aliyekuwa anashinda tawi moja kutwa sasa anazunguka kizimba kizima.

Mwanzoni niliagiza pupa kwa intaneti, yaani buu akishajifunga ndani ya ganda kabla hajatoka nzi. Kwa Kiswahili pupa ni haraka na uroho, lakini pupa hawa hawana haraka hata kidogo, ilimradi wakae kwenye baridi. Mzigo wa kwanza ulikuja vizuri. Wa pili ulifika Julai, kipindi cha joto, nikafungua boksi nikakuta wameshatoka wote, nusu wamekufa, harufu ndiyo usiseme. Muuzaji akanijibu kwamba hali ya hewa si juu yake. Sikuagiza tena.

Mvuvi mmoja kazini ndiye aliyenifungua macho: nenda duka la vifaa vya kuvulia samaki. Huku mabuu wa nzi ni chambo cha kawaida, wanauzwa kwa kipimo cha painti, zaidi kidogo ya nusu lita, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya posta. Omba weupe, wasiotiwa rangi. Mabuu wenyewe simpi, maana wamekulia kwenye nyama iliyooza. Nawaacha wageuke.

Kopo linakaa friji (ile ndogo ya gereji, ndoa yangu bado naihitaji), kifuniko kikiwa na matundu. Kila baada ya siku chache nateka kiganja kimoja, nakiweka kwenye chupa kubwa yenye maranda, mdomo nimeufunga kwa kipande cha chandarua. Ndani ya siku chache wanakuwa pupa: kwanza rangi ya krimu, kisha kahawia, mwishoni karibu weusi. Wiki moja au mbili baadaye wanaanza kutoka. Majira ya baridi wanachelewa zaidi, usiwatupe kwa kudhani wamekufa.

Nzi akishatoka namlisha siku nzima kwanza: pamba yenye maji na asali, maziwa ya unga pembeni. Nzi mwenye njaa ni mabawa matupu. Kisha chupa naiweka friji dakika chache wapoe, nawanyunyizia unga wa kalsiamu, nawamimina kizimbani kabla hawajachangamka. Unga huo usiuruke. Nzi hawa wana kalsiamu kidogo, na kinyonga akiikosa mifupa inalegea. Mabuu wenye kalsiamu nyingi ni wale wa nzi askari weusi, ambao Kenya wafugaji wanawazalisha kwa mabaki ya chakula wawape kuku. Huku wanakuja kwenye vikopo vidogo, bei utadhani ni kaa wa baharini.

Kosa langu kubwa: niliwahi kusahau kopo zima karibu na hita, tukasafiri siku nne, na wiki nyingine mbili nikaendelea kusema "nitalitoa kesho". Jumapili asubuhi jikoni kulikuwa na giza dirishani. Kinyonga alifurahi peke yake.

Na wale wanaokamata nzi wa jalalani ili waokoe pesa, acheni. Hujui amekanyaga nini wala amepuliziwa dawa gani.

Mabuu wa dukani nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu dume wangu alipozoea nzi aligomea nyenje wiki tatu. Sasa nzi anawapata Jumatano tu, na kufikia Jumanne jioni anakuwa ameshakaa tawi la mbele, jicho moja kwenye mlango wa gereji.