Bekari nzuri mtaani: anza kwa kuuliza mafuta

Wasomaji wameniandama na swali lilelile: nimehamia mtaa mpya, kuna bekari kila kona, niingie ipi? Wengi wanaouliza wameshaumia. Wanasimulia keki iliyopendeza kwenye picha, ikapendeza na mezani, halafu kila mgeni akaisukuma krimu pembeni mwa sahani. Hakuna anayesema ilikuwa chungu au imechacha. Wanasema ilikinaisha, ilikuwa nzito, ilibaki mdomoni. Malalamiko yote hayo ninayasoma kwa namna moja: ni mafuta.

Kwa hiyo usitarajie nikwambie uangalie sakafu, tabasamu la muuzaji au nyota za mtandaoni. Macho unayo. Mimi nitang'ang'ania swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani: hii imetengenezwa kwa mafuta gani?

Siagi ina tabia moja nzuri, kwamba huyeyuka kabla ya kufikia joto la mwili. Ikifika nyuzi 35 hivi za Selsiasi imekwisha kuwa majimaji, na kinywa kina joto zaidi ya hapo. Ndiyo maana kipande cha keki ya siagi hupita na kukuachia ladha tu. Majarini ya kutengenezea vitafunio vya tabaka, pamoja na yale mafuta meupe magumu ya mimea yanayouzwa kwa waokaji, yameundwa makusudi yavumilie joto la jikoni. Mengi yake hayayeyuki mpaka kwenye nyuzi 40 na kitu. Sasa yakifika mdomoni yaende wapi? Yanajibandika kwenye kaakaa na kubaki hapo kama nta.

Krimu ya juu ndiyo mbaya zaidi. Krimu ya maziwa, ili ipigwe ikasimama, inahitaji mafuta ya maziwa ya asilimia 30 au zaidi. Huumuka takriban mara mbili, na ikikaa nje kwenye joto inaanza kulegea. Krimu ya mimea, ambayo mara nyingi ni mafuta ya mise (kokwa za mchikichi), maji, sukari na viimarishi, huumuka mara tatu hata nne na kusimama saa nyingi bila kutetereka. Piga hesabu mwenyewe: kwa lita ileile, mwenye duka anapamba keki karibu mbili badala ya moja, na hana wasiwasi umeme ukikatika. Hewa hiyo yote wewe ndiye unayeilipia.

Kuipima ni rahisi na hakuhitaji utaalamu. Nunua kipande kimoja kidogo kabla hujaagiza keki nzima. Weka krimu kidogo ulimini, usitafune, ngoja, kisha kunywa maji baridi na upitishe ulimi juu ya kaakaa. Ukikuta utando, umepata jibu. Angalia na rangi: krimu ya maziwa na ile ya siagi huelekea kwenye manjano hafifu. Nyeupe pe, ile ya chokaa, karibu kila mara ni ya mimea au imetiwa rangi.

Tahadhari moja, kwa sababu watu wengi hukosea hapa. Keki ya siagi ikitoka moja kwa moja kwenye friji huwa ngumu, na mnunuzi huidhania ya jana. Siyo. Siagi imeganda tu. Iache mezani nusu saa au zaidi kidogo ndipo uihukumu. Ile inayotoka kwenye friji ikiwa laini tepetepe mara nyingi ni ya mafuta ya maji. Sisemi kila keki ya mafuta ni ya hila, kwani keki ya karoti na ile ya shifoni hutengenezwa hivyo tangu asili yake. Nasema tu kwamba ulaini pekee hauthibitishi kitu, na wauzaji wanajua tunaupenda.

Haya, tupange madaraja.

Nafasi ya kwanza naipa bekari ndogo yenye tanuri lake nyuma na bidhaa chache mbele, na siwezi kujifanya sina upendeleo. Hesabu aina za vitu kwenye kabati la kioo, kisha hesabu watu waliovaa aproni. Waokaji wawili hawawezi kutoa aina arobaini kila asubuhi. Hizo nyingine zimetoka kwenye katoni. Duka zuri huishiwa. Ukienda jioni ukakuta trei tupu na muuzaji anakwambia "zimeisha, dada, njoo kesho mapema", usikasirike, rudi kesho yake mapema. Ninaloliogopa ni lile ambalo saa mbili usiku kabati bado limejaa sawasawa na asubuhi.

Katika duka la namna hii anza na kruasani tupu, kile kitafunio cha tabaka za unga na siagi, isiyo na chokoleti wala jamu ya kuficha kitu. Ikate katikati. Ndani uone vyumba vya hewa vilivyoachana, visiwe donge moja, na ukiila iache harufu ya maziwa puani. Waokaji wa Ufaransa wana desturi ya kuinyoosha ile ya siagi na kuipinda mwezi mchanga ile ya majarini, ili mnunuzi atofautishe kwa jicho. Desturi hiyo haifuatwi kila mahali, hata hukohuko, lakini inaonyesha kwamba zamani mwokaji hakuona aibu kumwambia mteja anachomuuzia.

Wa pili ni mwokaji wa nyumbani anayepokea oda. Wengi wangemweka juu kabisa kwa sababu unaongea naye mwenyewe na anaoka siku unayotaka. Mimi namshusha ngazi moja kwa ajili ya krimu. Anasafirisha keki mbali, mara nyingi kwenye pikipiki au nyuma ya gari lenye joto, na krimu ya mimea humrahisishia maisha. Simlaumu, ila aseme. Mwulize pia kama anaweza kukutengenezea krimu ya siagi ya Uswisi, ile ya ute wa yai, sukari na siagi. Akiifahamu, umempata fundi, na bei yake mlipe bila kubishana, maana mayai na siagi vyote amevinunua.

Wa tatu ni duka la aiskrimu lenye mashine yake. Hapa rangi ndiyo shahidi. Pistashio halisi ni kijani kilichofifia, karibu na kijivu. Ikiwaka kama jani la mgomba baada ya mvua, kuna chupa ya rangi jikoni. Ya ndizi inapaswa kuwa nyeupe iliyochafuka, si njano. Ogopa ile iliyorundikwa ikapanda juu ya kingo za trei, kwani aiskrimu ya maziwa na matunda haipandi milima hivyo bila hewa nyingi na viimarishi. Maduka yanayoificha kwenye vyombo vyenye vifuniko hayapigwi picha sana, na mara nyingi ndiyo mazuri. Marekani wameweka mpaka kisheria: kinachoitwa aiskrimu lazima kiwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, na kisichofika hapo hutafutiwa jina jingine. Kwa hiyo kwenye pakiti soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo badala ya lile la herufi kubwa.

Wa nne ni mgahawa wa kahawa wenye keki kaunta. Viti vizuri, muziki mzuri, keki za kununuliwa. Uliza zinatoka wapi. Wakikutajia bekari, shukuru na uende huko moja kwa moja. Utalipa pungufu na utazipata mapema zaidi.

Mwisho ni kona ya mikate ya supamaketi, pamoja na vibanda vya bei nafuu. Ile harufu inayokuvuta mlangoni mara nyingi ni ya donge lililokuja limegandishwa na kumaliziwa kuiva hapo. Mkate wa kila siku chukua, si dhambi. Keki acha. Na mkate wenyewe usiuweke kwenye friji, kwa kuwa wanga wake hukakamaa upesi zaidi kwenye ubaridi ule kuliko mezani. Ukitaka kuuhifadhi, uweke kwenye friza.

Kuhusu chokoleti nina timu yangu, na hakuna aliyenilipa. Nikiona gunia au boksi la Callebaut kwenye rafu ya bekari, naagiza. Ni kiwanda cha Wieze, Ubelgiji, kinachotengeneza chokoleti tangu 1911, na ile nyeusi yao ya namba 811, yenye kakao ya asilimia 54.5, haijaniangusha kwenye keki wala kwenye krimu. Valrhona ya Ufaransa ina jina la kifahari zaidi na wapishi wakubwa huiapia, lakini kwa duka la mtaani naona ni gharama ambayo mteja hataionja chini ya sukari yote ile. Kinachouzwa zaidi kwenye vibanda ni chokoleti ya kuigiza, yaani unga wa kakao uliochanganywa na mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Tumerudi kwenye kaakaa letu lile: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, hayo mafuta mengine hayana haraka.

Sasa niseme la moyoni. Majarini ilibuniwa mwaka 1869 na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, kuahidi zawadi kwa atakayepata mbadala wa siagi wa bei rahisi. Rahisi, ndiyo ilikuwa maana yake yote! Leo naikuta kwenye kabati la kioo chenye taa, imeandikiwa "asilia", kwa bei ya siagi. Mwenye duka akilalamika kwamba siagi imepanda bei, namwelewa kabisa, imepanda kweli. Nisichoelewa ni kwa nini aliyekwisha kuacha kuinunua naye apandishe.

Halafu kuna wanaouza keki kwa kilo. Fondanti, ule mfuniko wa sukari iliyokandwa unaowekwa juu ya keki, ni mzito kuliko keki yenyewe kwa ukubwa uleule, na watu huubandua na kuuacha sahanini. Uliza uzito unapimwa kabla au baada ya kupamba, na kama ubao wa chini umo ndani ya hizo kilo. Utaona uso ukibadilika.

Na ukiuliza "Dada, krimu hii ni ya maziwa?", jibu utakalopewa ni "Ni freshi kabisa, mpendwa." Freshi hukuuliza. Krimu ya mimea iliyopigwa asubuhi nayo ni freshi. Uliza tena, kwa upole, na omba uonyeshwe pakiti. Mwenye krimu ya maziwa ataileta haraka maana ameinunua kwa bei kubwa na anataka ionekane.

Ufaransa walilimaliza tatizo hili kwa sheria, japo upande mmoja tu. Tangu 1998 asiyekanda na kuoka mkate wake mwenyewe mahali hapo haruhusiwi kuandika "boulangerie", yaani bekari ya mikate, mlangoni. Lakini sheria hiyo ni ya mkate. Kruasani na keki zinaweza kuingia na lori zikiwa zimeganda, chini ya kibao kilekile, kwa hiyo hata huko inabidi mtu aulize.

Unapoagiza, andika kwenye ujumbe mambo matatu: krimu ya maziwa au ya siagi, chokoleti ya aina gani, na saa ya kuichukua badala ya siku tu. Akijibu yote, mtumie malipo ya awali. Akikujibu kwa picha ya keki nyingine, tafuta bekari nyingine.