Uzio wa muda wa kuzuia vyura na mijusi kwenye saiti: upi ununuliwe, upi uachwe

Tathmini ya athari kwa mazingira ikishabaini kuwa kiwanja kina vyura, mijusi au nyoka, mkandarasi mara nyingi huandikiwa sharti la kuweka uzio wa muda. Ni ukuta mfupi wa plastiki wa kuwazuia wanyama wasiingie kwenye njia ya katapila, pamoja na ndoo zilizofukiwa ardhini za kuwanasa walio ndani ili wahamishwe. Aina zinazouzwa ni tatu, na siku ya kufunga zote huonekana sawa. Tofauti huanza kujitokeza baada ya mvua mbili tatu.

Roli la plastiki nyembamba ni jepesi kubeba, na kwa kazi ya wiki chache linatosha. Kasoro yake ni jua na upepo: jua huikakamaza plastiki, upepo ukiipigapiga inaanza kuchanika palepale kwenye tundu la msumari. Ukilitumia, weka kigingi kila mita 1 na ubane plastiki kwa ubao mwembamba kabla ya kupigilia. Vigingi vikae upande wa ujenzi. Vikikaa upande wanakotokea wanyama, umewajengea ngazi.

Shiti ngumu za polithini nzito ndizo za kununua kwa mradi utakaovuka msimu mmoja. Husimama bila kupepesuka, na kazi ikiisha zinang'olewa na kutumika kwingine. Tabu yake ni kwamba hazifuati mabonde ya ardhi. Kwenye mteremko lazima zikatwe na kupangwa kwa ngazi, zipandiane kwa sentimita 30 hivi na kukazwa kwa skrubu zenye washa (viduara vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu), la sivyo kila kiungo ni mlango.

Neti iache dukani. Nyoka akishapitisha kichwa kwenye tundu, magamba humzuia kurudi nyuma, na jua humkuta hapohapo. Chura naye akiona mwanga upande wa pili hung'ang'ania kusukuma sehemu ileile badala ya kufuata ukuta hadi kwenye ndoo.

Hata shiti bora haina maana ikifungwa ovyo, na hapa ndipo saiti nyingi hushindwa. Chimba mtaro wa sentimita 25, zamisha plastiki sentimita 20, na ncha ya chini uikunje kuelekea upande wa wanyama, kwa sababu chura mchimbaji huchimba akiwa ameegemea ukuta. Rudisha udongo kidogo kidogo ukiushindilia. Ukiumwaga wote kwa mpigo, mvua itauteremsha na kuacha mwanya. Kidole kikipita chini, mjusi naye amepita. Juu ya ardhi acha sentimita 50 hadi 60, na ukingo wa juu uukunje kama paa dogo upande wa wanyama. Nyasi zikiegemea ukuta ni daraja, hivyo fyeka pande zote mbili kila zinapoota.

Ndoo ziwe na kina cha sentimita 30 au zaidi, moja kila mita 10, zigusane na uzio, midomo yake ilingane na uso wa ardhi. Ukingo ukichomoza hata kidogo, chura anauzunguka na kwenda zake. Toboa chini matundu madogo ya kutoa maji. Ndoo isiyotobolewa inafurika, na maji ya ardhini yakipanda huisukuma nje ya shimo kama mtumbwi. Ndani weka majani na sponji iliyoloweshwa, pamoja na kijiti cha panya kupandia atoke. Kirukanjia, mnyama mdogo mfano wa panya, naye akitumbukia hafiki mbali bila chakula. Saa chache zinatosha kumuua. Kwa hiyo ndoo hukaguliwa kila asubuhi kabla jua halijakolea, na siku isiyo na mkaguzi zifunikwe. Siafu wakionekana karibu, funika mara moja. Anayeshika vyura awe na glavu zenye unyevu, zisizo na dawa ya mbu wala mafuta.

Uzio hutangulia, ufyekaji hufuata: kwanza hadi sentimita 15, kwa mkono, siku mbili baadaye hadi chini. Muda wa kunasa ndio unaozua mabishano. Huko Uingereza, mwongozo wa salamanda Triturus cristatus (jamaa wa chura mwenye mkia na umbo la mjusi) umetaka siku 30 zenye hali ya hewa ifaayo kwa kundi dogo, 60 kwa la kati na 90 kwa kubwa, kisha siku 5 mfululizo bila kunasa hata mmoja. Mkandarasi aliyetenga wiki moja ajue mapema. Siku za ukavu, vyura wanapokuwa wamejificha, zisihesabiwe.

Kwa vyura wa mitini na mijusi kafiri uzio huu usiununue kabisa: vidole vyao hupanda plastiki laini bila shida. Na kwenye geti la malori, ambako ukuta hukatika, agiza mapema kipande kinachofungwa kila jioni, chenye ukanda wa mpira unaolala chini. Kwenye seti nyingi kipande hicho hakimo.