Injini nzima, gari liko gereji: uzoefu wangu na pikapu mpya ya dizeli

Pikapu hii niliinunua ikiwa mpya kabisa kutoka kwa wakala anayetambuliwa na kampuni iliyoiunda, na servisi zote nimezifanya kwa wakati katika gereji ya wakala huyo huyo. Natanguliza hayo kwa sababu mmiliki wa gari la dizeli la kisasa anapolalamika, swali la kwanza analorushiwa ni kama gari lilitunzwa. Lilitunzwa. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa nimezungumza na wamiliki wa pikapu za kampuni nyingine za rika hili, na malalamiko yao yanafanana na yangu kiasi kwamba tungebadilishana funguo na hakuna ambaye angeona tofauti.

Haki yake niitoe kwanza. Injini yenyewe ni nzuri. Ina silinda nne na ujazo mdogo kuliko injini za pikapu za zamani, lakini inavuta trela lililojaa ikipanda mlima bila kuhema, haitikisiki, na dizeli inayokula ni kidogo kwa kazi inayofanya. Bodi ni imara, breki zinashika vizuri, na kiti cha dereva hakichoshi hata katika safari ndefu. Muda wote niliokuwa nayo hakuna pistoni, valvu wala beringi iliyoharibika. Kilichonikwamisha barabarani na kulilaza gari gereji mara kwa mara ni vitu vinavyoizunguka injini hiyo: chujio la moshi, sensa, mabomba ya hewa, tangi la urea (maji ya kusafishia moshi), na kompyuta inayovisimamia vyote.

Tatizo lilianza kwa taa ya injini kuwaka na gari kujipunguzia nguvu lenyewe, likiwa na mzigo, katikati ya barabara yenye malori. Ukikanyaga mafuta, injini inaunguruma kidogo kisha inakataa kupanda. Kompyuta imeamua kuilinda na wewe huna la kusema. Kifaa cha kusomea hitilafu kilitoa namba P2463, maana yake masizi yamejaa kupita kiasi katika chujio la moshi. Chujio hilo limo ndani ya mfumo wa ekzosi, na kazi yake ni kunasa masizi ambayo zamani yalikuwa yanatoka nje kama moshi mweusi. Likianza kujaa, masizi hayo hayana budi kuchomwa humo humo, na ili yaungue, joto ndani ya chujio hutakiwa kufika nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Gari linalozunguka polepole halilipati joto hilo. Panahitajika mwendo wa kasi usiobadilika-badilika kwa dakika kadhaa, injini ikiwa imeshapata moto.

Hapo ndipo ugomvi wangu na muuzaji ulipoanzia. Mshauri wa gereji aliniambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa wateja wengi, kwamba gari langu linahitaji kutembezwa barabara kuu. Mimi sikununua gari la kutembeza. Pikapu hubeba, husimama, hushushwa mzigo, huwashwa tena na kwenda hatua fupi, kisha husubiri injini ikiwa inanguruma wakati watu wanafunga kamba. Hiyo ndiyo kazi inayoonyeshwa katika kila tangazo lake, matope yakiruka na changarawe zikitawanyika. Kumbe mfumo wake wa moshi humfaa zaidi dereva anayekwenda mbali bila kusimama. Maelezo hayo yamo katika kitabu cha gari, katikati kabisa, kwenye ukurasa ambao muuzaji hakunifungulia kabla sijatia saini. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa, nilijibiwa kwamba sikuuliza.

Lililonitia hofu zaidi ni oili. Ili kupandisha joto la chujio, kompyuta hupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda wakati mlipuko umeshapita, ikaungulie kwenye ekzosi. Si yote inayofika huko. Sehemu yake hushikamana na kuta za silinda, hupenya kwenye ringi za pistoni na kuteremka hadi kwenye oili. Uchomaji ukikamilika kwa mkupuo mmoja, dizeli inayoteremka ni kidogo, na kiasi chake huvukizwa na joto la injini. Lakini ukianza na kukatizwa kila mara kwa sababu safari imekwisha, oili huzidi kuwa nyepesi na kiwango chake hupanda. Magari ya zamani yalikuwa yanakula oili. Hili langu linazaa. Nilipochomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili imevuka alama ya juu huku ikinuka dizeli, nililirudisha gari kwa wakala, na fundi akaniambia kwamba kiwango hicho bado kimo ndani ya mipaka ya kampuni. Nikaomba kuonyeshwa mipaka hiyo kwa maandishi. Sikuonyeshwa, ila oili ilibadilishwa bila malipo, na kwangu hilo lilikuwa jibu tosha. Mhimili wa turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unachoelea juu yake ni utando mwembamba wa oili. Oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza unene unaohitajika kuubeba. Mwenye gari la safari fupi anayesubiri kilomita zote ambazo ratiba ya servisi inamruhusu, anaiweka turbo yake rehani.

Kuhusu ufundi wa wakala, nina mengi ya kusema, na si yote mabaya. Kosa kubwa ni mazoea ya kusoma namba ya hitilafu na kubadilisha kifaa kinachotajwa na namba hiyo. Namba husema dalili imeonekana wapi. Chanzo kinaweza kuwa mbali. Kwanza walibadilisha sensa inayopima tofauti ya shinikizo kabla na baada ya chujio. Taa ikarudi. Wakabadilisha vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, ile ambayo mafundi huiita EGR, ambayo kweli ilikuwa imejaa utando mweusi kama lami. Taa ikarudi. Wakaingiza programu mpya kwenye kompyuta ya gari, dawa ambayo siku hizi hutolewa kwa kila ugonjwa, na taa ikachelewa kidogo kabla ya kurudi. Mara mbili nilikabidhiwa gari likiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa lilijaribiwa likiwa tupu.

Aliyelipata tatizo alikuwa fundi mwingine wa gereji hiyo hiyo, aliyekataa kubadilisha kitu chochote kabla ya kupima. Aliziba njia ya hewa na kuingiza moshi wa majaribio, nao ukavuja kwenye bomba la mpira linalotoka kwenye kipoza hewa cha turbo, mahali penye ufa ambao ulifunguka pale tu shinikizo lilipopanda. Hewa ikivuja baada ya sensa kuipima, kompyuta hupuliza dizeli ya kutosha hewa ambayo haikufika kwenye silinda; masizi huongezeka, na chujio hujaa mapema hata kwa dereva anayepita barabara kuu kila siku. Bomba la mpira, basi, ndilo lililokuwa likinifanya nihubiriwe namna ninavyoendesha. Likabadilishwa, na ile namba haikuonekana tena.

Furaha hiyo ilikatizwa na tangi la urea. Pikapu za dizeli zinazofuata viwango vya karibuni hupuliza maji ya urea kwenye moshi wa moto, mchanganyiko wenye urea asilimia 32.5 na maji yaliyoondolewa madini, ili oksidi za nitrojeni zigeuke kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Sensa hupima kama kazi imefanyika. Kompyuta isiporidhika, huanza kuhesabu kilomita zilizobaki kabla gari halijakataa kuwaka. Gari langu lilianza kuhesabu tangi likiwa limejaa, dizeli ikiwa safi na injini ikiwa haina kasoro hata moja. Hesabu ikifika sifuri, gari halizimiki likiwa linatembea. Ila ukilizima mwenyewe, haliwaki tena. Sensa moja iliyofungwa kwenye ekzosi ilikuwa imeharibika, spea haikuwepo ghalani, na gari likakaa gereji likiisubiri. Kulipia bima ya gari ambalo injini yake haina tatizo lolote lakini limekatazwa kuwaka ni jambo ambalo bado sijalizoea.

Sisemi kwamba mifumo hii ingeondolewa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mimi napumua hewa ile ile wanayopumua wengine. Viwango vimekazwa kwa sababu hiyo: kwa pikapu na magari mazito zaidi ya mizigo katika kundi la magari madogo ya biashara, kikomo cha oksidi za nitrojeni katika kanuni za Ulaya kilishuka kutoka miligramu 280 kwa kilomita katika Euro 5 hadi 125 katika Euro 6. Na baada ya mwaka 2015, ilipofichuka nchini Marekani kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya maabara, upimaji wa Ulaya uliongezewa majaribio ya barabarani. Ninacholaumu ni kwamba wajibu wa kusafisha hewa umefungwa kwenye sensa na mipira isiyostahimili joto na mtikisiko wa gari la kazi, kisha waranti ikaandikwa kana kwamba vifaa hivyo ni sawa na balbu au raba za waipa.

Mfumo wa dizeli wenyewe haujanisumbua, ingawa naufuatilia kwa wasiwasi. Pampu ya shinikizo la juu husukuma dizeli kwa zaidi ya bar 2,000 na hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayoisukuma, kwa hiyo maji kidogo au dizeli chafu huweza kuisaga. Ikisagika, vipande vya chuma husambaa hadi kwenye nozeli, na mara nyingi mfumo mzima hubadilishwa. Mwenzangu mmoja mwenye pikapu ya kampuni nyingine yalimkuta hayo ndani ya kipindi cha waranti, akaambiwa kwamba dizeli ilikuwa mbaya na kwamba mafuta mabaya hayamo katika waranti. Tangu hapo nahifadhi risiti za dizeli na kutoa maji kwenye filta mara nyingi kuliko kitabu kinavyoagiza.

Kwa anayemiliki gari la namna hii tayari, haya ndiyo yaliyonisaidia. Zijue dalili za chujio kuchoma masizi: feni inazunguka kwa nguvu bila sababu, injini inanguruma juu kidogo kuliko kawaida gari likiwa limesimama, na harufu ya joto inatoka chini. Ukiziona, usilizime gari ikiwa unaweza kuzunguka kidogo zaidi. Tumia oili yenye majivu kidogo iliyotajwa kwenye kitabu, kwa kuwa masizi huungua lakini majivu ya oili hubaki ndani ya chujio. Nunua kifaa kidogo cha kusomea hitilafu, kile kinachochomekwa chini ya usukani, na uipige picha namba kabla wakala hajaifuta. Mafundi wa mitaani waliojitolea kunitolea chujio na kuidanganya kompyuta nimewakataa: katika nchi nyingi ni kinyume cha sheria, waranti huweza kukataliwa, na ule moshi unarudi kwa watu wanaopita kando ya barabara.

Anayevuta trela masafa marefu atafurahia pikapu hii, na pengine hatawahi kuziona taa nilizoziona mimi. Anayefanya kazi kama yangu, ya vituo vingi na injini kunguruma bila kutembea, namshauri aangalie ya petroli, au ya dizeli ya miaka ya nyuma iliyotunzwa vizuri, na ikiwa bado anaitaka mpya, muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba chujio la moshi, sensa zake na mfumo wa urea vimo ndani ya waranti kwa muda ule ule wa injini. Alama yangu ni mbili kati ya tano, zote mbili za injini.

Kwa sasa taa zote zimezimika na gari linafanya kazi. Nimemwandikia wakala barua nikiambatanisha karatasi zote za gereji na picha za namba za hitilafu, nikiomba waranti ya mfumo wa moshi iongezwe muda kabla hii ya sasa haijaisha. Jibu lililokuja linasema ombi langu limepokelewa na linashughulikiwa.