Paka wa miaka 13, meno 9 nje: kliniki nyota 4, bomba la mililita 1 nyota 5

Ninachokitolea maoni hapa ni huduma moja na vikorokoro vyake. Huduma ni kung'oa meno 9 ya paka jike wa miaka 13, kilo 3.6, katika kliniki ya wanyama mjini Unguja. Vikorokoro ni dawa ya maumivu ya maji, bomba la sindano la mililita 1, kola ya shingoni, pakti za chakula laini na kipande cha chandarua. Matunzo ya siku 14 yamefanyika nyumbani Chake Chake, na kazi hasa ni hiyo. Kung'oa kwenyewe kulimalizika asubuhi moja.

Kliniki ilianza vizuri. Walipima damu kwanza, figo na ini, maana paka wa umri huu figo zake huweza kuwa zimechoka naye bado anakula na kuruka ukutani kama kawaida. Dripu iliwekwa tangu mwanzo mpaka alipoamka. Eksrei ya meno ilipigwa kabla na baada, na hili ndilo la kuuliza kabla hujatoa hata shilingi. Paka mzima ana meno 30, na sehemu kubwa ya ugonjwa hujificha chini ya fizi. Kuna maradhi ya meno ya paka ambayo mwili wenyewe hulila jino mpaka likawa kama chaki, na mzizi wa jino hilo hukatikia ndani kwa urahisi. Bila picha ya mwisho, "yametoka yote" ni kukisia tu.

Uliza pia mdomo wanauachanisha kwa kitu gani. Vile vyuma vya springi vinavyotanua taya kwa nguvu vimehusishwa na paka kuamka kipofu, kwani mdomo ukitanuliwa mno hubana mishipa inayopeleka damu kwenye macho na ubongo. Hapa walitumia kipande kifupi cha plastiki. Sawa kabisa.

Nyota niliyoikata imekatwa kwa ajili ya karatasi ya dawa. Dawa ya maumivu ni meloksikamu, na maelezo yalikuwa "matone, mara 1 kwa siku". Matone mangapi, na ya chupa ipi? Meloksikamu ya kunywa huuzwa kwa nguvu tofauti: ya paka ina miligramu 0.5 katika kila mililita, ya mbwa ina 1.5. Tuliyopewa ilikuwa ya mbwa. Maelezo ya chupa ya mbwa hayairuhusu kwa paka, kwa hiyo omba ya paka; daktari akiamua itumike hiyo hiyo, hesabu lazima ibadilike. Maelezo ya dawa yanayotumika Ulaya yanasema paka akishachomwa sindano ya kwanza ya dawa hii kliniki, anaendelea na miligramu 0.05 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku, kwa siku zisizozidi 4. Kilo 3.6 mara 0.05 ni miligramu 0.18. Kwa chupa ya paka hiyo ni mililita 0.36. Kwa chupa ya mbwa ni mililita 0.12 tu, mistari 12 kati ya 100 ya bomba la mililita 1. Ukivuta 0.36 kutoka chupa ya mbwa umempa mara 3 ya kipimo chake. Marekani lebo ya dawa hii ina onyo zito kwamba kumrudishia paka dozi baada ya dozi kumehusishwa na figo kushindwa na vifo. Kwa hiyo idadi ya siku aiamue daktari aliyeyaona majibu ya damu, na aiandike kwa mililita, akitaja na nguvu ya chupa. Nilipopiga simu nilijibiwa vizuri na hesabu ikathibitishwa, lakini si kila mteja atapiga.

Bomba lenyewe ni la bei ndogo kuliko kila kitu kwenye orodha, na ndilo lenye faida kuliko vyote. Chagua lililoandikwa mililita. La insulini limeandikwa uniti na litakuchanganya. Toa sindano uitupe. Dawa ipite pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge, upande usio na nyuzi, polepole. Ukiweza kuichanganya na kijiko kimoja cha chakula anachokipenda ni bora zaidi, kwa sababu meloksikamu haitolewi tumbo likiwa tupu. Akitapika au akikataa kula, siku hiyo simamisha na upige simu. Na kama daktari mwengine amewahi kumchoma deksamethazoni (dawa ya kundi la steroidi) karibuni, sema kabla ya yote: dawa hizo mbili pamoja huweza kutoboa tumbo.

Dawa za binadamu weka mbali. Panadoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu hushindwa kubeba hewa, fizi hugeuka rangi ya udongo na uso huvimba. Nusu kidonge cha miligramu 500 chaweza kumuua. Brufeni na diklofenaki nazo vivyo hivyo. Halafu hapa kwetu Pemba kuna hili la karafuu. Kila anayeingia ndani na kusikia "meno" atakwambia mtie mafuta ya karafuu au ya makonyo kwenye fizi. Kwa mtu sawa. Kwa paka usithubutu. Kile kinachotia ganzi ndani ya karafuu, yuginoli, kiko katika kundi la vitu ambavyo ini la paka haliviwezi. Maji ya chumvi pia hayana kazi. Ndani ya mdomo husafishi chochote.

Kuhusu safari: usivuke bahari siku ile ile. Paka aliyetoka kwenye nusu kaputi hupepesuka, na akitapika ndani ya kikapu kwenye boti anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Lala Unguja usiku mmoja. Usiku huo mweke chini, chumba chenye giza, mbali na ngazi na kitanda. Watu hudhani joto letu linatosha. Sakafu ya vigae na feni vinampoza paka ambaye mwili bado haujaweza kujipasha. Mkunje kwenye kanga mbili, feni isimwelekee. Mboni za macho zilizotanuka ni za dawa na hupungua. Akiwa bado anagonga miguu ya viti kesho yake, mrudishe.

Sasa chakula, maana hapa ndipo wengi huharibu. Saa chache baada ya kuamka vizuri mpe robo ya mlo wake. Kuanzia siku ya pili milo 5 au 6 midogo, kijiko kikubwa kimoja au viwili kila mara. Pakti za gramu 85 zenye vipande kwenye mchuzi si laini kama zinavyodai: paka hulamba mchuzi na kuacha nyama, nawe unaona sahani ina maji kidogo ukadhani ameshiba. Ponda kwa uma mpaka vipande vipotee, ongeza kijiko kikubwa cha maji ya moto, koroga mpaka iwe kama uji mzito. Kisha jaribu kwenye kifundo cha mkono. Usihisi baridi wala moto. Baridi haitoi harufu, na paka mzee hula kwa pua. Tumia kisahani bapa, si bakuli lenye kingo, asije akagusa mdomo unaouma. Paka wa kilo 3.6 anahitaji takriban kalori 180 kwa siku; linganisha na kilichoandikwa kwenye pakti unayotumia.

Pakti zikiisha, changu au tasi wa kuchemsha bila chumvi anafaa. Toa miiba kwa vidole, si kwa macho, kisha uponde na supu yake. Kisiingie kitunguu maji wala kitunguu thomu, vyote huharibu damu ya paka, kwa hiyo samaki wa mchuzi wa jana si wake. Dagaa wakavu wasubiri: wagumu, wana miiba, na chumvi yao si ya paka mwenye figo za miaka 13. Maziwa na tui huishia kuharisha. Samaki peke yake ni wa siku chache tu. Chakula cha kudumu kinataka kiwe kamili.

Chakula kikae chini nusu saa kisha uondoe, kwa joto hili kinaharibika. Kisahani kiweke katikati ya sinia yenye maji kidogo, sisimizi wasivuke.

Akipitisha saa 24 bila kula kabisa, piga simu. Usingojee "labda kesho". Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini na anakuwa na ugonjwa mpya mbaya kuliko meno. Wala usimlazimishe kwa bomba kubwa bila kuelekezwa; chakula huenda mapafuni, na nyuzi hufumuka.

Kola naipa nyota 2. Inamzuia kukwangua uso, kweli, lakini inagonga kisahani na paka anaacha kula. Anayejikwangua mdomo mara nyingi ana maumivu ambayo dawa haijayafikia, na dawa ya hilo si kola. Kipimo cha uso kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Montréal mwaka 2019 kinasaidia: masikio, macho, umbo la pua na mdomo, sharubu, na kichwa kilivyokaa, kila kimoja alama 0 hadi 2. Masikio yakilala pembeni, macho nusu, sharubu zimekakamaa, kichwa chini ya mabega, hesabu. Ikifika 4 kati ya 10, dawa ya maumivu izungumzwe upya.

Chandarua nyota 5. Mdomo wenye kidonda na harufu huita nzi, na nzi hutaga. Funika kikapu mchana. Mchanga wa choo nao uondoe wiki ya kwanza, unaganda kwenye udenda na kuingia kwenye nyuzi. Magazeti yaliyochanwa yanatosha.

Udenda wa rangi ya waridi siku moja au mbili ni kawaida, damu mbichi inayodondoka si kawaida. Harufu mbaya ikirudi baada ya siku 3 hadi 5, mshono huenda umeachia. Uvimbe chini ya jicho, fikiria mzizi uliobaki wa gego la juu. Akipiga chafya yenye damu au chakula, mahali pa chonge la juu pamefunguka kuelekea puani. Taya la chini likining'inia au kwenda upande, usingoje asubuhi. Nyuzi zenyewe huyeyuka. Usizivute hata zikining'inia.

Kwenye mizani siku ya 14 alikuwa kilo 3.55. Chonge la juu kushoto ndilo lilitolewa, na sasa mdomo wa juu umeingia ndani kidogo upande huo, chonge la chini linaugusa. Kliniki imesema tuangalie kama linachimba kidonda. Likichimba, litapunguzwa au kutolewa. Vyakula vikavu ameanza mwenyewe, anavimeza vizima.